Honi ya Tatu

“Meli? Mimi meli naijua kuliko nahodha,” alisema Bertila, akipepeta maharage. “Isipokuwa kuiendesha. Na kule chini kwenye injini sijafika. Na maji yenyewe nayaogopa. Hicho kijito cha bondeni navuka nikiwa nimeshikwa mkono. Lakini ukiyaacha hayo, hakuna nisichokijua.”

Wanawake waliojaa uani kwake walicheka mpaka Rhoda akamwaga nusu ya ungo. Hapo kijijini Mollo walimpenda kwa hilo: alijisifu kwa mkono wa kulia, akajichapa kwa wa kushoto, mtu asijue amkamate wapi.

Siku hiyo walikuja kwa jambo maalumu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kuuza mahindi yako unakotaka, ruksa. Kuvaa koti la mtumba, la kafa Ulaya, ruksa. Na sasa hata kustarehe kulikuwa ruksa. Tajiri mmoja wa Kasanga, bandarini kule ziwani, alinunua meli ndogo ya matembezi, akawa anachukua watu kwenda Kipili na kurudi, si kwa biashara wala kwa msiba, kwa kutazama tu. Kikundi cha akina mama wa Mollo kiliuza maharage vizuri mwaka ule, kikaamua na chenyewe kikatazame. Hakuna aliyewahi kupanda meli. Hakuna isipokuwa Bertila, aliyekwenda Kigoma kwa meli akiwa msichana, enzi za Mwingereza, na ambaye hakuacha kuisimulia safari ile tangu siku aliyorudi.

“Haya, Mama Felisian, tufundishe,” alisema Rhoda, akiokota maharage yake. “Tusije tukaiaibisha Ufipa mbele ya watu wa ziwani.”

“La kwanza,” alisema Bertila, “usiyatazame maji yaliyo chini yako. Yatakuita, na wewe utaitika. Tazama mbali, milima ya Zaire kule ng'ambo. Mlima hauyumbi, na tumbo likiuona linatulia. La pili, tangawizi. Kipande shavuni, usimeze, usiteme. Na asubuhi hiyo usishindilie ugali kama unayekwenda kulima matuta.”

“Na ukitaka kutapika?”

“Uliza kwanza upepo unakwenda wapi. Usipouliza, jirani yako atakujibu.”

“Na choo je?”

“Kipo. Lakini komeo ulishike kwa mkono wako mwenyewe. Meli ikiinama mlango unafunguka, ziwa zima linakufahamu.”

Wakacheka tena. Redempta peke yake hakucheka. Alikuwa wifi yake Bertila, dada wa marehemu mume wake, na alikaa pembeni akichambua maharage kimya. Kimya cha Redempta kilikuwa na meno.

“Wifi,” alisema mwishowe, “hayo yote uliyaona katika safari moja?”

“Mwenye macho, wifi yangu, safari moja inamtosha. Wengine mnakwenda soko la Sumbawanga kila wiki na bado mnarudi na vitunguu vilivyooza.”

Hapo hata Redempta alitabasamu, maana vile vitunguu ni kweli aliuziwa. Bertila akaweka ungo chini. Sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayepokea kitu kinachovunjika.

“La mwisho mlishike kuliko yote. Meli hupiga honi tatu. Ya kwanza ni ya kuwaita mabaharia. Ya pili ni ya mizigo. Ya tatu ndiyo ya watu. Usisogeze mguu kabla ya ya tatu. Atakayesogea ataangukia majini, na mimi nimeshawaambia kuogelea sijui.”

“Ya tatu ndiyo ya watu,” wakarudia kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

Walipoondoka, Bertila alibaki na maganda ya maharage na ule upepo wa Ufipa usiojua kubisha hodi. Ukweli ni huu, na usitoke hapa: Bertila hakuwahi kupanda meli. Kigoma hakuijua zaidi ya kuku wake walivyoijua.

Yote aliyoyafundisha aliyapata kwa Urbano. Huyo Urbano alikuwa baharia, mtu wa Karema, aliyepanda milima kuja Mollo kununua maharage ya jiko la meli. Alikuwa na kofia iliyokaa upande na maneno yaliyokaa sawasawa. Baba yake Bertila alipokuwa akipima maharage, Urbano alimpimia binti hadithi: milima ya ng'ambo, tangawizi shavuni, mlango wa choo unaofunguka. Alikuja msimu wa kwanza, akaja wa pili. Msimu wa pili alimwambia, wakiwa nyuma ya ghala, “Njoo Kasanga. Tutakwenda Kigoma, tutafunga ndoa kwa mapadri wa kule. Ila ngoja honi ya tatu. Nikiipiga hiyo ya tatu nitashuka mwenyewe nikushike mkono. Kabla ya hapo usisogee. Mabaharia wale ni wahuni, watakuangusha majini.”

Bertila alishuka kwa miguu mpaka Kasanga, kichwani kibunda, ndani ya kibunda khanga ya mama yake aliyoichukua bila kuomba. Akasimama gatini. Meli ikapiga honi. Akasimama. Ikapiga tena. Akakaza kibunda, akatazama ngazi, akangoja. Ubao ukavutwa, kamba zikafunguliwa, maji meusi yakaanza kupanuka kati ya gati na chuma. Urbano alikuwa juu, anakunja kamba, na hakugeuka. Kazi imembana, Bertila alijiambia. Alibaki pale mpaka moshi ukawa uzi, na uzi ukakatika.

Tangu siku hiyo aliyalaumu masikio yake. Honi ya tatu ililia, aliamini, ila upepo uliichukua ukaipeleka kwingine. Au yeye alikuwa akisikiliza moyo wake, na moyo una kelele. Alijificha Matai kwa shangazi yake Kristiana mpaka mvua zikaanza, kisha akarudi nyumbani na Kigoma mdomoni. Msichana aliyerudi kutoka Kigoma huolewa. Msichana aliyeachwa gatini huimbwa.

Naye akaolewa, na Alfonsi, mtu mwema mwenye mikono mizito na usingizi mwepesi. Alfonsi aliisikia Kigoma mara nyingi hata akaanza kuwasimulia wengine mwenyewe, na akikosea mahali Bertila alimsahihisha. Walizaa, wakalima, wakazeeka, akamzika. Hakuwa na la kumdai. Lakini jioni lori likipita barabarani likapiga honi mara mbili, Bertila alisimama na mwiko mkononi, shingo imenyooka kama ya kuku aliyesikia mwewe, mpaka ugali ukaungua. Watoto wake walikua wakidhani mama anapenda ukoko.

Sasa alikitaka kitu kimoja tu kabla ya kumfuata Alfonsi: asimame palepale, aisikie ile ya tatu kwa masikio yake mwenyewe, kisha anyanyue mguu. Bertila hakumhitaji Urbano tena. Huyo kama yu hai basi ana kipara na kikohozi. Aliitaka honi.

Na aliiogopa pia. Maana kama miguu ingegoma tena, ingegomea mbele ya Mollo nzima, na mbele ya Redempta.

Waliteremka kwa lori la mahindi. Juu kule walijifunika mablanketi; walipoipita Matai mablanketi yakaanza kukunjwa, na walipoona ziwa, masweta yakafuata. Ziwa lilitokea ghafla chini ya milima, pana, bluu, limetulia kama mtu anayejua kwamba utakuja tu. Akina mama wakapiga vigelegele. Rhoda akapiga makofi kwa adabu, kama anayemsalimu mkwe. Bertila alikaza macho ziwani.

“Wifi, vipi?” aliuliza Redempta. “Leo betri zimeisha?”

“Nalisalimia,” alisema Bertila. “Hatujaonana siku nyingi.”

Asubuhi iliyofuata walijipanga gatini na vibunda vyao, viatu vya kanisani miguuni, kila shavu limevimba tangawizi. Hata wachuuzi wa samaki wa migebuka waliwatazama wakadhani ni ugonjwa. Meli ilikuwa ndogo, nyeupe, imepakwa rangi juzi. Ubao wa kupandia ulikuwa umelazwa toka gatini mpaka mlangoni. Abiria wengine walikuwa wakipanda, vijana wa Sumbawanga na redio zao, bwana mmoja na mke wake na godoro.

“Mbona wale wanapanda?” aliuliza Rhoda.

“Waache,” alisema Bertila. “Hawakufundishwa.”

Honi ya kwanza ikalia. Bertila aliisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Ilikuwa nyembamba kuliko ile ya zamani, lakini gati lilikuwa lilelile, mawe yaleyale, na ile harufu ya dagaa na mafuta ya mashine ilimrudishia kibunda kichwani. Akina mama walimtazama. Akainua kidole: bado. Wakatulia.

Honi ya pili ikalia.

Baharia kijana akaanza kufungua kamba. Bertila akafumba macho. Sasa, alijiambia. Sasa hivi. Upepo ulikuwa umelala, moyo wake aliukemea unyamaze, na masikio yake, yaliyolaumiwa ujana mzima na uzee mzima, aliyafungua kama milango ya kanisa. Alisikia maji yakilamba mawe. Alisikia redio. Alisikia Redempta akitafuna.

“Nyie akina mama!” ilimjia sauti ya mwanamume. “Mnasafiri au mmesindikiza?”

Akafumbua macho. Kwenye mlango wa meli alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe, mkono mmoja kwenye ubao, tayari kuuvuta. Mabaharia walimwita Mzee Yonas.

“Shikamoo mzee,” wakaitika, na Rhoda akaongeza kwa fahari, “Tunangoja honi ya tatu!”

“Ya tatu ndiyo ya watu!” wakamalizia wote, tangawizi mashavuni.

Juu ya meli watu wakaangua kicheko. Yule bwana mwenye godoro alikalia godoro lake acheke vizuri.

“Marahaba. Ya tatu ya wapi, mama zangu?” alisema Mzee Yonas. “Honi ni mbili. Ya kwanza jiandaeni, ya pili tunaondoka.”

“Hiyo ni meli yako ndogo,” alisema Bertila. Sauti yake aliisikia ikitoka mbali. “Ile kubwa ya zamani, ya Mwingereza, ilikuwa tatu.”

“Mama, ile ya zamani ndiyo iliyonilea. Niliingia kuchochea moto sina hata ndevu. Honi mbili, hapa Kasanga na kila mahali. Ya tatu haijawahi kupigwa. Labda ya Kiyama, na hiyo tutapanda sote. Haya, tunakwenda!”

Akina mama hawakungoja kufundishwa zaidi. Walikimbilia ubao kwa vishindo, vibunda, viatu na makelele, Rhoda mbele akishikilia kilemba. Bertila alibaki peke yake gatini.

Haijawahi kupigwa. Neno lile lilimwingia polepole, kama maji kwenye kiatu. Basi masikio yake yalikuwa mazima. Upepo haukuiba kitu. Kijana mmoja mwenye kofia upande alitafuta kamba ya kumfungia msichana pale gatini, isiyoonekana wala kukatika, ili yeye aondoke bila kusumbuliwa. Naye alikaa amefungwa mpaka mvi. Ile milima, ile tangawizi, yote Urbano alisema kweli. Alidanganya mahali pamoja tu, na mahali penyewe ndipo alipoishi Bertila.

“Ah, Urbano,” alisema kwa sauti. “Mshenzi wewe.”

“Mama!” alifoka Mzee Yonas. Ubao ulikuwa umeanza kusogea. “Unakuja?” Akanyoosha mkono.

Bertila alipandisha khanga yake magotini, akaitema tangawizi, akapita juu ya ubao ule unaoyumba kwa miguu yake miwili, na mkono wa mzee wa watu ukabaki umenyooshwa hewani bila kazi.

Meli ikaachana na gati. Maji yakapanuka tena, meusi kama yale, ila safari hii yeye alikuwa upande wa chuma, na gati ndilo lililobaki. Alilitazama mpaka likawa dogo kama sanduku. Pale mwisho, penye jiwe lililochongoka, ilikuwa kana kwamba anamwona msichana na kibunda chake, shingo imenyooka. Alitamani kumpungia mkono. Alitamani kumwambia atoke hapo arudi nyumbani, ugali utaungua. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa pindo la khanga, akasema ni moshi, ingawa moshi ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Nyuma yake akina mama walikuwa wameshakaa, wameshataniana, wameshasahau. Rhoda alikuwa akiwaeleza vijana wa redio jinsi ya kushika komeo la choo. Redempta peke yake alisogea, akaegemea ukingo kando ya wifi yake, akahamisha tangawizi toka shavu la kushoto kwenda la kulia. Mabega yao yakagusana.

“Wifi,” alisema Redempta kwa upole, na upole wa Redempta haukuwahi kumtakia mtu mema. “Nakaa nafikiri hapa. Kama ya tatu haijawahi kupigwa, na wewe husogezi mguu kabla ya ya tatu…”

“Enhe?”

“Kigoma ulikwenda kwa honi ya ngapi?”

Bertila alifungua mdomo. Mdomo ule, uliowahi kumjibu padri, mgambo na afisa kilimo, ulikaa wazi, upepo wa ziwa ukiingia na kutoka. Kisha akaufunga, akaomba kipande cha tangawizi, akakaza macho kwenye milima ya Zaire, kama inavyompasa abiria wa mara ya kwanza.