Mikono Miwili ya Kushoto

Wifi yangu akichelewa kufika dukani, ni mzembe. Mimi nikichelewa, ni foleni. Hivyo ndivyo nilivyoielewa dunia kwa miaka sita, na sikuona kasoro yoyote.

Tulishona katika duka la mama mkwe, wifi kwenye cherehani ya dirishani, mimi ya ukutani. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia, ambayo haikuguswa ila na mama mwenyewe. Sasa magoti yake yalikuwa yamegoma. Jumatatu akaniita pembeni.

"Mwanangu, nataka kumwachia wifi yako mkasi. Ila mimi nimemzaa, jicho langu lina upendeleo. Niambie wewe, anafaa?"

Nilijua wifi alivyoitamani meza ile. Saa za chakula alikuwa akikata kola kutoka kwenye magazeti ya zamani, ajizoeze. Lakini nilikumbuka pia koti la mwaka juzi, ambalo alilikatia mikono miwili ya kushoto.

"Wifi ni mtu mzuri, mama," nikasema. "Ila hana umakini. Ndivyo alivyoumbwa. Mpe vifungo."

Mama akashusha pumzi. "Basi kata wewe. Anza na koti langu."

Nilikata kwa mbwembwe zote, na Jumatano nikaanza kuunga. Mkono wa kwanza ukakaa vizuri. Wa pili ukakataa. Nikaugeuza, nikaupindua, nikaubembeleza kama mtoto anayekataa dawa, na bado kiwiko kikatazama mbele. Nilikuwa nimekata mikono miwili ya kushoto.

Sababu zilinijia mbio. Taa ilikuwa hafifu. Kitambaa chenyewe hakijulikani mbele wala nyuma. Halafu yule mteja wa suruali alinisemesha asubuhi nzima nilipokuwa nakata, domo kaya yule. Hakuna hata sababu moja iliyosema kwamba sina umakini. Na kitambaa kilikuwa kimekwisha, yamebaki mabaki tu.

Wifi akasimama nyuma yangu. Nikajiandaa kuchekwa. Yeye akauchukua ule mkono, akaupeleka dirishani.

"Pole, wifi. Kitambaa hiki kina hila, huoni mbele yake mpaka ukipeleke kwenye mwanga. Na yule wa suruali alikuchosha, nilimsikia. Hata mimi lile koti langu la mwaka juzi, mtoto alikuwa na homa, sikuwa nimelala siku mbili."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ulikuwa unacheka."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Yeye wala hakuwa na habari nami. Alishatandaza mabaki mezani, akayapima kwa kiganja, akashika mkasi wa mama. Kipande kimoja hakikutosha mkono mzima, kwa hiyo akaunga viwili kwa mshono kwenye kiwiko. Kisha akaweka mshono kama huo kwenye ule mkono wa kwanza pia, ionekane ndio mtindo. Koti likapendeza kuliko lilivyopangwa.

Mama akaingia akichechemea. Ningeweza kunyamaza.

"Mama, nilikata mikono miwili ya kushoto. Wifi ndiye aliyeliokoa koti."

"Ilikuwaje?"

"Sina umakini. Ndivyo nilivyoumbwa. Nipe vifungo."

"Mama, usimsikilize," wifi akadakia. "Kitambaa ndicho kilichomponza."

Mama alitutazama mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka akatafuta kiti. Alipopata pumzi, akamsogezea wifi mkasi. Wifi akalia, nami nikalia, na mteja wa suruali aliyekuwa anaingia akauliza kama kuna msiba.

Ijumaa, siku ya kwanza ya wifi kwenye meza yake, saa tatu ilifika na yeye hayupo. Mama akatazama saa ya ukutani.

"Foleni," nikamwambia kabla hajauliza. "Ile njia yao siku hizi haipitiki."

Wifi akaingia akihema, kitambaa cha kichwa upande.

"Jamani, mnisamehe," akasema. "Nilikuwa nimelala tu."