Pazia Lililokwenda Ng'ambo

Habari hii itasimuliwa hapa vizuri kuliko ilivyopata kusimuliwa mahali popote. Kusema kweli haijapata kusimuliwa mahali popote, kwa hiyo hata ikichechemea itashika namba moja.

Inamhusu fundi wa mapazia aliyezoeleka kwa jina la Bi Pindo, kwa sababu alikunja pindo mara tatu pale ambapo mafundi wengine hukunja mara moja na kumwachia Mungu. Nyumba nyingi zenye madirisha ya kuonea fahari zilivalishwa na yeye. Kwake mwenyewe, dirisha kubwa la sebuleni lilikuwa na pazia upande mmoja tu. Upande wa pili ilining'inia shuka ya kitanda, imebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kinyozi hajinyoi, walisema wageni, wakacheka, wakamaliza chai yao.

Mumewe hakucheka. Alikuwa dereva wa lori la saruji, na watu walimwita Dereva mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe alimwita hivyo, isipokuwa akiwa na la kumficha. Hapo alimwita Baba Watoto.

"Pazia bado liko kwa dobi?" Dereva aliuliza jioni moja, akijishusha kitini kwa awamu, kwanza mikono, kisha nyonga, halafu mgongo ukifuata kwa hiari yake.

"Bado, Baba Watoto."

"Tangu uliposafiri. Huyo dobi analifua au analisomesha?"

"Kitambaa kizito kile. Hakikauki upesi."

Dereva aliguna. Miwani ilikuwa puani na simu mkononi, na miwani ile haikuwahi kuvaliwa kwa habari njema.

"Hebu njoo uone walichoniandikia watu wa kadi," alisema.

Bi Pindo hakuhitaji kuona. Moyo wake ulikuwa umeshaona.

Kadi yenyewe ilikuja hivi. Binti yao wa mwisho aliolewa akahamia ng'ambo, na alipokaribia kujifungua, Bi Pindo alikata tiketi akamuuguze. Dereva hakutaka mkewe aende ugenini mikono mitupu. Siku hizo mtu wa benki alikuwa akipita yadi ya malori na tabasamu na fomu, akiwasifia madereva kadi ya mkopo: unanunua vitu vyako leo, unalipa baadaye, siku arobaini na tano hakuna riba. Kuhusu kutoa noti kwenye mashine hakusema lolote, na hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa alikuwa amekuja na kalamu za bure. Dereva akachukua kadi, akampa mkewe namba ya siri kwa kumnong'oneza sikioni, kama enzi za uchumba.

"Ya dharura," alimwambia. "Mwisho wa mwaka naliacha lori, na akiba yetu unaijua ilivyo. Ikitoboka hata kidogo, mimi ni wa barabarani mpaka wanizike na usukani."

Hakuwa akitania. Daktari alikuwa amempiga picha ya mgongo, akaitazama kwa muda, kisha akamuuliza kama ana kazi nyingine anayoiweza. Dereva hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni hiyo akiba, na hamu ya kuamka asubuhi bila kuhesabu pingili zake.

Basi Bi Pindo akasafiri. Sandukuni alitia pande moja la pazia la sebuleni, lile la maua ya zambarau makubwa kama sahani, akalitundike kwa binti yake limkumbushe kwao; Dereva aliambiwa limepelekwa kwa dobi. Binti alimfungulia mlango mwenyewe, tumbo mbele, macho yamevimba. Mlangoni hapakuwa na kiatu cha kiume.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kazini, mama."

Aliendelea kuwa kazini siku hiyo na ya pili yake. Alikuwa kazini mtoto anazaliwa, alikuwa kazini mtoto anapewa jina. Mwishowe mwenye nyumba alipogonga kudai kodi, binti alikaa chini jikoni akayasema yote. Mwanamume aliondoka, na mfuko wa kodi uliondoka naye.

"Usimwambie baba," alisema. "Akijua hataliacha lori. Atasema ngoja kidogo nimsaidie mtoto, na hicho kidogo ndicho kitakachommaliza."

Bi Pindo alimjua mumewe. Yadi nzima ilikuwa imesikia sifa za mkwe yule hadi walinzi walizijua kwa moyo. Akaapa.

Sasa, kodi inalipwa na maziwa yananunuliwa. Angetumia kadi dukani, jina la duka lingeingia kwenye simu ya Dereva: hapa nepi, hapa dawa, hapa mwenye nyumba. Fedha taslimu, alijiambia, haina mdomo. Kwa hiyo kila asubuhi alimfunga mjukuu mgongoni, akaenda kwenye mashine iliyo ukutani pembeni mwa barabara, akatoa noti chache. Kwa nini chache? Kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kazi: kata kidogo, ukipungukiwa utakata tena, lakini kilichokatwa hakishoneki kikawa kama zamani. Maisha yake yote kanuni hiyo haikuwahi kumtia hasara. Baridi ya asubuhi zile ilikuwa ya kung'ata masikio, na koti la maana hakuwa nalo. Akalipeleka pazia kwenye mkasi. Likawa koti zuri, refu, la maua ya zambarau, na alipoondoka alimwachia binti.

Hayo yote Dereva hakuyajua. Alichojua ni kilichokuwa kwenye simu.

"Ada," alisoma. "Ada. Ada tena. Riba. Kubadilisha fedha ya kigeni, ada. Wanasema ulitoa hela kwenye mashine, karibu kila siku."

"Mimi?" alisema Bi Pindo.

Uongo mkubwa mara nyingi huingilia mlango mdogo kama huo.

"Nimesema ni wewe? Wanasema wao."

"Sikutoa. Nilinunua soksi za mtoto mara moja, basi."

Dereva alivua miwani. "Basi tumeibiwa."

"Inawezekana," alisema Bi Pindo, na akasikia nafuu ya mtu aliyetua mzigo, ila ameutua kwenye mguu wa mwenzake.

Alidhani yataishia hapo. Alisahau ameolewa na mtu anayesimama hata kwenye taa nyekundu isiyo na gari. Siku ya mapumziko Dereva alipiga pasi shati lake, akamshika mkewe mkono, wakaenda benki. Walikaa kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa, kila anayeinuka akiwatikisa wengine wote, mpaka dada wa dawati la kadi akawaita. Alikuwa na mafua na sauti ya mtu aliyeeleza jambo lile lile tangu asubuhi.

"Mzee, ukinunua kitu kwa kadi ukalipa kabla ya tarehe, riba hakuna. Ukitoa taslimu, riba inaanza siku ile ile. Haisubiri mwisho wa mwezi."

"Hata hizo siku arobaini na tano?"

"Hizo ni za manunuzi. Noti hazina hizo siku. Halafu kila unapotoa kuna ada, na ada ina kiwango chake cha chini. Utoe nyingi, utoe kidogo, hicho utalipa."

Bi Pindo hakupaswa kuuliza lolote, lakini ulimi haukumwomba ushauri. "Kwa hiyo mtu akitoa kidogo kidogo, binti yangu?"

"Huyo anaumia zaidi, mama. Bora angetoa mara moja akatulia."

Bi Pindo alitazama vidole vyake, vyenye sugu ya mkasi.

"Huyo mwizi ni mjinga," alisema Dereva.

"Pengine alikuwa na sababu zake."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Nasema tu."

Dada wa kadi alipenga kamasi, akasema kuna neno moja linamsumbua: aliyetoa hela aliijua namba ya siri.

"Wezi wa siku hizi," alisema Dereva, "wanajua hata unalalia ubavu gani."

Ikaamuliwa yaandikwe malalamiko. Kama kweli ni wizi, benki itarudisha. Wenye mashine kule ng'ambo wataombwa picha ya mtoaji, maana mashine zile zina jicho. Itachukua wiki kadhaa. Bi Pindo, ambaye hakuwa na habari kwamba ukuta una jicho, aliombwa atie sahihi. Alitia. Mkono ulioshona pindo nyoofu maisha yote uliandika kitu kama minyoo.

"Na riba wakati tunangoja?" aliuliza Dereva.

"Inaendelea."

"Hata usiku?"

"Hata sikukuu, mzee."

Wiki zikapita kwa kujiburuta. Uongo ni kama pazia fupi: ukivuta huku lifunike, kule kunaachwa wazi. Majirani walipokuja kumpa pole ya kuibiwa, ilibidi Bi Pindo aipokee, na waliouliza kisa aliwasimulia, na kila aliposimulia mwizi aliongezeka urefu. Usiku kabla ya kulala alimchua mumewe mgongo kwa dawa ya kuwasha pua, akipita kidole juu ya pingili moja moja.

"Leo nimeongea na mkuu wa yadi," Dereva alisema siku moja, uso umezama kwenye mto. "Nimemwambia mwaka ukiisha nitabaki kidogo. Mpaka jambo la kadi likae sawa."

Kidole cha Bi Pindo kilisimama.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Mbona umeacha? Hapo hapo ndipo panapouma."

Kesho yake alimpigia binti simu akiwa chooni, bomba limefunguliwa.

"Baba yako ameongeza muda."

"Mama, uliapa."

"Niliapa, mwanangu. Sikujua kuapa nako kuna riba."

Kule ng'ambo mtoto alilia, binti akasema analia kwa njaa, simu ikakatika. Bi Pindo alifunga bomba. Akatoka na nia ya kusema. Alimkuta Dereva amelala kitini na viatu miguuni, mdomo wazi, vumbi la saruji limekaa kwenye nyusi zake kama mvi zilizokuja kabla ya zamu. Mtu aliyelala hivyo haamshwi kwa habari mbaya. Akamvua viatu, na nia ikaenda kulala naye.

Wito wa benki ulikuja siku ya kazi. Dereva aliegesha lori mtaa wa nyuma, akaingia na buti zake, mkewe akimfuata kama anayekwenda kung'olewa jino. Dada wa kadi alikuwa amepona mafua.

"Picha imefika," alisema, akawageuzia kioo cha kompyuta. "Ila sura haionekani. Amejifunika kitambaa mpaka puani. Mnamfahamu?"

Bi Pindo alitazama. Kwenye kioo alisimama mwanamke mnene wa wastani, macho tu nje, mkono mmoja umenyooshwa kwenye mashine. Ni kweli, sura haikuonekana. Alivuta pumzi yake ya kwanza nzima tangu safari.

"Simjui," alisema. "Simjui kabisa. Watu wa huko wote wanafanana wakijifunika."

"Ulituambia ni mrefu," alisema Dereva.

"Nilisema hivyo? Labda amechutama."

Dereva alitafuta miwani mfuko wa shati, akaikosa, akaipata mfuko wa suruali. Aliifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akasogeza kiti. Alitazama muda mrefu kama anayekagua tairi. Kisha akanyoosha kidole chenye saruji kwenye ukucha, akakigusisha kwenye kioo, chini, karibu na ukingo wa koti, kwenye ua la zambarau lenye doa la kahawia lililochongoka.

"Hapa," alisema taratibu, "nilipachoma mimi na pasi. Ulikuwa umekwenda sokoni. Ulinisema wiki nzima."

Dada wa kadi alianza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Na pindo limekunjwa mara tatu," Dereva aliendelea. "Mwizi ana mkono mzuri."

"Baba Watoto..."

"Ngoja." Kidole kilipanda, kikapita mabega, kikasimama mgongoni mwa mwizi, palipochungulia kofia ndogo ya sufu na shavu moja. Kilikaa hapo. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, na haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Huyu ni mjukuu wangu. Katoka juzi tumboni, yuko nje kwenye baridi ya kuvaa pazia, na bibi yake anachota noti kidogo kidogo kama mtu anayejificha. Sasa niambie, mke wangu. Baba yake alikuwa wapi?"

"Kazini," alisema Bi Pindo.

Dereva alivua miwani, akamtazama bila miwani, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mwezi uliopita nilimpigia huko kazini," alisema, "nimpe hongera ya mtoto. Wakaniambia amehama mji tangu kabla hujapanda ndege. Nikanyamaza, nikasema mke wangu alikuwa kule kwa macho yake, kama kuna neno ataniambia."