Vifaranga Waliopinda

Katika banda la kutotoleshea kambale, mtu wa kwanza kuingia kila asubuhi alikuwa mama mmoja ambaye wenzake walimbandika jina la Mama Unyoya. Jina lilitokana na kazi. Kwa unyoya wa bata aliokota vifaranga waliokufa na waliolemaa kutoka kwenye trei, mmoja mmoja, bila kuwasumbua wazima, maana mmoja akioza majini huwaambukiza wenzake ukungu. Miaka kumi na moja, na trei zake zilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Ndiyo maana jana, aliposikia maneno ya mtaalamu wa maji, nusura ndoo imponyoke.

Mtaalamu huyo, binti mwembamba mwenye miwani, alikuja baada ya watu wa mtaa kulalamikia kiwanda kilichoko mlimani juu yao, kinachopaka vitambaa dawa ili visilowe. Dawa yenyewe ina kemikali iitwayo florini na, kwa jinsi alivyoeleza, haiozi wala haipotei; ikishaingia ardhini, imehamia humo. Akataka kupima kwa viumbe wachanga, kwa kuwa hao ndio huumia mwanzo. Trei tatu akazijaza maji ya kisima cha banda, tatu akazijaza maji ya chemchemi ya mbali aliyokuja nayo kwa madumu. Kila mayai yalipoanguliwa, alifika saa tatu asubuhi kuhesabu vilema. Mara mbili amehesabu, mara mbili trei zimelingana. Jana akamwambia Meneja wa banda kwamba mkupuo wa tatu ukitoka vivyo hivyo, atatia sahihi kuwa kisima hakina neno.

Mama Unyoya alijua kina neno. Kwenye trei za kisima alikuwa akiokota mpaka vidole vinakufa ganzi: waliopinda uti kama ndoana, waliovimba kifua, waliozunguka palepale kama wamefungwa kamba. Trei za chemchemi, wawili watatu tu. Hakuna aliyemwambia asiokote, na hakuna aliyemuuliza. Ushahidi wote aliufagia yeye, huku akijisifu moyoni kwa usafi.

Tena kisima hicho ndicho kilicholisha bomba la mtaa wao. Binti yake, mwenye mimba ya miezi mitano, alikunywa maji hayo kila siku, na aliyemwambia ayachemshe ni yeye mama mtu. Huyaacha yatokote mpaka kifuniko kicheze.

Basi leo ilikaribia saa tatu, naye amesimama mbele ya trei, unyoya mkononi, hajaokota hata mmoja. Meneja akaingia.

"Mama Unyoya, leo umeota mizizi? Mgeni yuko getini, na trei bado ni chafu."

"Nimeziona."

"Basi okota."

Akauchomeka unyoya kwenye kilemba chake. "Leo siokoti, baba."

Meneja alicheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Kisha akainama juu ya trei ya kisima, na kicheko kikamkauka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wafanyakazi kumi na wanane na wateja wanaosubiri vifaranga. Akasema kwa sauti ya chini kwamba banda likifungwa watalala njaa wote, na yeye mama akiwamo. Kisha akatungua kijichujio ukutani, akakisogeza majini awachote mwenyewe.

Mama Unyoya akaulaza mkono wake juu ya trei. Hakuuondoa.

"Anza na mkono huu," alisema.

Wakabaki hivyo, wakitazamana, mpaka viatu vya mgeni vikasikika kwenye sakafu yenye maji. Meneja akakirudisha kijichujio msumarini, polepole.

Mtaalamu alihesabu, akahesabu upya. Trei za kisima: vilema mia moja arobaini na mmoja. Za chemchemi: wanne. Akauliza kulikoni leo.

"Nimekuharibia kazi, mwanangu," Mama Unyoya alisema. "Mara zile mbili niliwaokota kabla hujaja."

Binti yule alivua miwani. Mama akangoja kufokewa. Lakini mtaalamu akasema kosa ni lake, hakuuliza nani huingia kabla yake. Hatatia sahihi. Ataanza upya, apeleke maji maabara, na leo hii ataandika kwamba wajawazito wasiyanywe mpaka majibu yatoke. Akaongeza kwamba samaki si mtu, hivyo yeye hawezi kusema mtoto wa mtu atakuwaje.

Mama Unyoya akauliza, "Na yakichemshwa?"

Mtaalamu alitikisa kichwa. "Dawa haitoki, mama. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

Mama Unyoya aliomba dumu moja lililobaki la maji ya chemchemi, akajitwisha, akaenda nyumbani saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Meneja alimwona akipita getini, asimwite.

Alimkuta binti yake jikoni, mkono mmoja tumboni, kifuniko cha sufuria kikicheza. Mama akazima jiko, akamimina maji ya dumu kwenye kikombe.

"Mama, haya ya moto yana nini? Si umeniambia mwenyewe nichemshe?"

"Nilikuambia." Akavuta kigoda. Unyoya ulikuwa bado kwenye kilemba. "Kunywa hayo kwanza. Halafu kaa, nikueleze nilichokuwa nakiokota."