Gitaa la Kijiji Lilivyoacha Kukoroma

Saa tisa na nusu alasiri, Jumamosi ya tarehe 26 Juni 1976, gitaa la umeme la kijiji cha Nyarero lilikoroma mbele ya kamati ya utamaduni. Kornelio alibonyeza uzi mwembamba karibu na kichwa cha gitaa. Badala ya noti ikatoka sauti ya nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Akabonyeza wa pili. Nzi wakawa wawili.

"Hiyo ndiyo rumba?" aliuliza Agustina, mwenyekiti wa kamati, ambaye pia alifundisha darasa la nne.

"Ni gitaa, Ndugu Mwenyekiti. Si mimi."

"Jembe lisipolima tunamuuliza mkulima."

Kamati ikaamua. Gitaa lilitolewa na wilaya kwa ajili ya bendi ya kijiji. Likikoroma kwenye sherehe za Saba Saba, mbele ya mgeni rasmi, litarudishwa wilayani, na Kornelio atarudi kwenye shamba la ujamaa. Kornelio hakuwa na ugomvi na shamba. Ila hakujua kupiga kitu kingine, na gitaa jingine la umeme hakuwahi kuliona.

Jumatatu alimleta Obura, fundi redio wa Sirari, aliyekuja kwa baiskeli na spana zake ndani ya mfuko wa unga.

"Omera, ndugu yangu, mimi nimefungua redio ambayo hata aliyeitengeneza angeiogopa," alisema Obura kabla hajashuka kwenye baiskeli.

Alilishika gitaa, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake kama mtu anayenunua mbao. Kisha akalinusa.

"Linanuka moshi. Linalala wapi hili?"

"Darini, juu ya mafiga."

Darini ndipo Kezia, mama yake Kornelio, alipoweka mbegu za mahindi na mtama. Moshi hufukuza fukusi. Nyumba zote za jirani zilifanya hivyo, na kitu cha thamani hakikuwa na mahali pengine pa heshima.

"Sijaona hata fukusi mmoja ndani yake," alisema Kezia.

"Mama, gitaa haliliwi na fukusi."

"Ndiyo nasema. Halijaliwa."

Obura akaeleza. Mti wa shingo ulikuwa umekauka kwa moshi, na shingo ikapinda kwa nyuma. Sasa nyuzi zilipita karibu mno na vipande vya chuma vilivyopangwa juu ya shingo; zikitetemeka, zinavigonga. Ndani ya shingo mlikuwa na fimbo ya chuma yenye nati upande wa kichwani. Nati ikilegezwa, nyuzi zitaivuta shingo mbele kidogo na kupata nafasi.

"Robo mzunguko, unasubiri, unatazama. Mti hauna haraka."

Alikuwa ameshaweka spana kwenye nati Agustina alipoingia uani na wajumbe wanne nyuma yake.

"Weka chini. Mali ya kijiji haifunguliwi na mtu mmoja."

Utaratibu huo ulianza mwaka uliotangulia, mashine ya kusaga ilipofunguliwa na mtu mmoja, ikafungwa, ikakataa kuwaka, na kikao kikaketi mchana kutwa kumtafuta mwenye kosa. Tangu hapo kila mjumbe alitia mkono. Kitu kikiharibika, kimeharibiwa na wote.

"Lakini hii ni nati moja," alisema Obura.

"Itazungushwa kwa zamu."

"Jamani, robo moja inatosha!"

"Na mjumbe atakayenyimwa robo yake, utamjibu wewe?"

Agustina akazungusha robo kushoto. Simioni, mwendesha mashine, akazungusha robo yake. Kisyeri akazungusha nusu, kwa kuwa mkono wake ulizoea pampu ya maji. Benedicto akauliza kushoto ni upi, akaonyeshwa, akazungusha. Kornelio akakaza nyuzi upya, akapiga. Hakuna mkoromo. Wajumbe wakapiga makofi.

Kornelio hakupiga makofi. Katikati ya shingo nyuzi zilikuwa zimeinuka kiasi kwamba mpini wa kijiko ulipita chini yake bila kugusa.

"Linakoroma?" aliuliza Agustina.

"Halikoromi. Halipigiki. Vidole vitakatika."

"Azimio letu linahusu kukoroma. Vidole havimo."

Mjumbe wa tano alikuwa bado hajapata zamu. Mzee Machage alipiga litungu, kinubi cha Wakurya chenye nyuzi nane na sauti nzito ya kuvuma na kukoroma, na tangu Jumamosi alikuwa hajaelewa watu wanalalamikia nini.

"Shikamoo, mzee," alisema Obura. "Zamu ni yako, lakini nakuomba usiguse."

"Marahaba. Nitagusa." Akachukua spana. "Kitu kilikuwa na sauti, mmekitia pamba mdomoni."

Akazungusha kulia. Obura alipiga kelele. Kornelio akageukia ukuta. Mzee alipoachia, nyuzi zilikuwa zimeshuka. Zikakazwa tena, kisha wakangoja shingo itulie, huku Agustina akiwasomea muhtasari wa kikao kilichopita. Kornelio akapiga. Vidole vililala juu ya nyuzi bila shida na noti zikatoka safi, isipokuwa za uzi mnene kabisa. Huo bado ulikoroma.

"Huo hautaki nati," alisema Obura. "Kuna skrubu ndogo pale nyuzi zinapokaa, chini. Unauinua uzi mmoja, basi."

Wajumbe wanne wakaishika bisibisi mmoja mmoja ili iwe halali. Machage akakunja mikono.

"Huo uacheni. Ndio pekee unaosema."

"Bila mkono wako haijafanyika," alisema Agustina.

"Basi haijafanyika."

Kornelio akachuchumaa mbele yake. "Tata, gitaa likienda, bendi imekufa. Sauti unayoitaka unayo nyumbani kwako. Ilete Saba Saba."

"Nikae wapi?"

"Karibu nami, kwenye kipaza sauti."

"Mbele ya mgeni rasmi, mura, kijana wangu?"

"Mbele yake kabisa."

Mzee akamgeukia Agustina. "Iandikwe."

"Imeandikwa."

Machage akapokea bisibisi, akazungusha mpaka Obura alipomwambia aache.

Jumatano, tarehe 7 Julai, bendi ya Nyarero ilipiga mjini Tarime. Kornelio alianza, Machage akaingia na litungu. Mgeni rasmi akainama kuelekea kwa Agustina, akauliza gitaa lile lina hitilafu gani.

"Gitaa ni zima, Ndugu. Ni yule mzee."

Mgeni rasmi akaagiza kipaza sauti kisogezwe karibu zaidi na mzee. Jioni hiyo gitaa lilirudi Nyarero, limefungwa kwenye keria ya baiskeli ya Kornelio.