Swali Lililolala Ubavuni kwa Mwero

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Bongwe iliamkia manyunyu yaliyokatika jua lilipochomoza. Zainabu alikuwa barazani akichambua mchicha. Swali la kamati ya hospitali lilitoka chumbani likimfuata Mwero, kama lilivyofanya tangu Ijumaa.

Mwero, mdogo wake wa miaka kumi na sita, alizaliwa na maumbile ya kike na ya kiume. Daktari alipendekeza matibabu ya kumweka upande mmoja, lakini kamati ilipaswa kwanza kuhakikisha kwamba mwenyewe ameridhia. Ilikuja, ikauliza, Mwero akanyamaza. Basi wakaliacha swali pale nyumbani lisubiri. Lilikuwa na ukubwa wa paka na joto la mkate. Mama yao alilitengea maji.

"Kwani kimya chake hakitoshi?" aliuliza siku hiyo baba yao, Mzee Matano.

"Kimya si ridhaa, mzee," alijibu mwenyekiti, Bi Caroline.

Zainabu aliyasikia hayo, akayakumbuka yake. Yeye alipokuwa na umri huohuo, baba alichungulia jikoni, akalitaja jina la Swabir aliyekuja kumposa, kisha akaenda kumwambia shehe: "Amenyamaza, ameridhia." Sasa Zainabu alikuwa amemkimbia Swabir, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kurudi. Kila alfajiri alimwomba Mungu amwondolee wivu. Wivu ulibaki.

"Njoo," aliliita swali, akijipiga paja. Lilimtazama kwa adabu, likamrudia Mwero.

"Mwendekezane tu," alisema Zainabu.

"Lichukue, dada. Lanikosesha usingizi."

"Jana nililibeba. Likapoa mikononi."

Saa nne kamati ilirudi. Swabir naye alifika, akakaribishwa mkekani, akapewa chai. Bi Caroline alilipakata swali, akauliza upya.

"Bado," alisema Mwero. "Siku nikitaka, nitasema mwenyewe."

Swali lilijikunja, likalala. Kamati iliridhika, ila ilimtaka mzee aahidi kwamba hatamwamulia mtoto.

Zainabu, birika mkononi, alisimama mlangoni akingoja swali liinue kichwa. Halikuinua.

Mzee Matano aliunyosha mkono. "Wallahi, mbele yenu nyote, sitamjibia Mwero neno lolote." Kisha akamgeukia Swabir, mkono ukiwa bado juu. "Na Zainabu atarudi kwako leo jioni. Hilo nalo naahidi."