Robo za Baburaj

Haya, nawategea: vyumba vidogo vidogo, havina mlango wala mtu ndani, vimejipanga kwenye karatasi. Ni nini? Msijisumbue. Mimi mwenyewe sikujua mpaka juzi.

Kaka yangu Achuthan alikuwa mganga wa mitishamba hapa mjini Pattambi miaka hamsini. Aliacha daftari la dawa mia na themanini na moja, na vipimo vyote kaviandika kwa alama za zamani: ya robo, ya thumni, ya sehemu moja ya kumi na sita, na nyingine nyingi. Shuleni niliishia darasa la nne, hizo hatukufundishwa. Alinifundisha yeye, kwa kidole, juu ya unga wa mchele. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Kitoeni kitabu, lakini kisimuue mtu." Sasa nimebaki mimi tu ninayezisoma, tena kwa jicho moja, la pili lina mtoto wa jicho.

Sreeja, mke wa mwanangu, alichapa daftari zima kwenye simu, alama moja moja. "Zote zimo kwenye simu siku hizi, Mama," aliniambia, "ila lazima uzitafute." Mimi nikisoma, yeye akitafuta. Miezi mitatu. Tukampelekea Baburaj wa duka la uchapaji.

Juzi Baburaj akaleta kurasa nizipitie mara ya mwisho. Nikafika dawa ya baridi yabisi, ile ya kulamba. Ndani yake mna kanjiram, mbegu ile wanayoulia mbwa. Kaka aliandika sehemu moja ya kumi na sita. Karatasi ilisema robo.

"Baburaj, hii robo umeitoa wapi?"

"Mama, kwenye kompyuta yangu alama zenu zilikuja visanduku vitupu. Robo, nusu na robo tatu ndizo zilizokubali. Nyingine hesabu za mababu, kompyuta inazikimbia."

"Ikakimbia, nawe ukaifuata?"

Akacheka. "Nikajaza robo kila kisanduku. Robo ni kidogo, Mama. Nani atajua?"

"Atajua atakayeilamba. Umemzidishia mara nne!"

Kicheko kikamkauka. Sreeja akamwambia aweke herufi mpya, zenye alama zote. Akaziweka hapo hapo kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Tukainama sote watatu kutazama. Robo zikabaki robo. Visanduku alishavifuta, na kompyuta haikujua ipi ni robo ya kaka na ipi ni ya Baburaj.

"Si una ile ya kwako kwenye simu?" nikamuuliza Sreeja.

Akainamisha kichwa. "Niliifuta, Mama. Simu ilijaa picha za harusi ya dada yangu Remya."

Sikumgombeza. Sikuwa na nguvu ya kugombeza mtu.

"Weka sahihi tu, Mama," Baburaj akasema taratibu. "Mashine ya kuchapia nimeipangia kesho. Ikipita kesho, ni baada ya sikukuu ya Onam. Hiyo ya kanjiram tutairekebisha, nyingine ni tangawizi na pilipili manga, haziui."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Mgongo uliniuma, jicho lilitoa machozi, na kusema kweli nilitaka sana kuandika jina langu nikalale. Lakini kanjiram imo kwenye dawa ngapi? Sikukumbuka. Na zebaki je, nayo si sumu?

"Nenda na mashine yako," nikamwambia. "Uje baada ya Onam."

"Utasoma zote tena? Kwa jicho hilo?"

"Una jingine la kuniazima?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Sreeja alileta chai nyeusi, akafungua ukurasa wa kwanza. Nikamwambia safari hii, kila alama aifuatishe na maneno kamili, ili kikija kisanduku kitupu, maneno yabaki.

"Itakuwa ndefu, Mama."

"Najua, mwanangu. Andika."

Leo tumefika dawa ya kumi na tisa. Robo za Baburaj tumeshakuta thelathini na moja. Jicho limevimba, nimeliwekea kitambaa cha maji baridi, na Sreeja ananingoja, kidole juu ya simu.