Ng'ombe Aliyefungiwa Ndani ya Simu

Ng'ombe wa mahari ya Merveille alikuwa ndani ya simu ya Gentil, na hilo peke yake lilitosha kumnyima mama yake, maman Euphrasie, usingizi. Zamani ukoo ukichanga mahari, ng'ombe alisimama uani, akalia, akanya, kila mtu akamwona. Lakini tangu benki za mji zifunge milango, wajomba na mashangazi walituma michango kwa simu, na simu waliyoiamini ilikuwa ya bwana arusi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Jumapili walikuwa waende mtaa wa Nguba, kwa maman Adèle, mama yake Merveille, kukabidhi.

Alhamisi mama alikuwa anaanika sambaza, dagaa wa ziwa, juu ya turubai la bâche mbele ya nyumba. Gentil aliketi kwenye kibao, kichwa kimeinamia simu.

"Maman, kuya uone. Hapa batu banauzisha utabiri sawa vile weye unauzisha sambaza."

"Utabiri wa nini?"

"Tenisi. Kuko murefu, kuko mwenye kofia. Banacheza kesho."

Akamweleza. Kulikuwa na masoko mawili ya utabiri kwenye simu. Moja alama yake ya buluu, yeye aliliita Bleue. Lingine la kijani, Verte. Kote kuwili mtu ananunua vipande vya mchezaji mmoja. Mchezaji huyo akishinda, kila kipande kinakuwa dola nzima. Akishindwa, kinakuwa bure. Ila bei hazikuwa sawa. Kwa Bleue, mwenye kofia alikuwa rahisi. Kwa Verte, mrefu ndiye aliyekuwa rahisi kuliko kule. Ukinunua huyu hapa na yule pale, jumla haifiki dola, na mmoja wao lazima ashinde.

"Unabeti," mama akasema.

"Kubeti ni kukisia, maman. Miye sikisii. Miye ninalinganisha."

Na kweli alikuwa amelinganisha wiki nzima: nani anakata ada ndogo, nani analipa haraka, wapi kuna wanunuzi wengi. Alivisema vyote kwa mpango, kama mtu anayetetea kazi yake mbele ya walimu.

Mama akageuza sambaza, akatazama mawingu ya upande wa ziwa.

"Na mvua ikinyesha?"

Gentil akacheka hadi simu ikataka kumponyoka. "Eh, maman! Ile si sambaza!"

"Cheka. Lakini ile ng'ombe usiiguse."

"Ng'ombe akienda kukula majani siku moja, akarudi amenona, kuko mubaya gani?"

"Nimesema usiiguse, Gentil."

"Ndiyo, maman."

Alisema ndiyo huku kidole kikitembea juu ya kioo. Mama aliona kidole. Aliona, akarudi kwa sambaza zake, akidhani ndiyo ya mtoto wake bado ni ndiyo.

Jumamosi, tonton Donatien, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Gentil, alishuka kwenye gari kutoka Luvungi, suruali imejaa vumbi la bonde la Ruzizi. Hakuomba hata maji. Kwao, mkubwa wa ukoo haendi kwa wakwe kabla hajaiona mahari kwa macho yake, kwa sababu ndiye atakayefungua kinywa huko, na kinywa cha mkubwa hakisemi kitu ambacho macho hayajaona.

"Munionyeshe ng'ombe," akasema.

Gentil akatoa simu, hakuifungua.

"Fungua, mutoto. Mupaka niombe pasipoti?"

"Tonton... ng'ombe iko kwa tenisi."

Donatien akamgeukia Euphrasie. "Iko wapi?"

Ndipo kijana akaonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na uwanja umefunikwa turubai, na maji yakitiririka juu yake. Mvua ilikuwa imewakuta wachezaji katikati jana, leo ilikuwa bado inamwagika, na mchezo ulikuwa umesogezwa hadi Jumatatu. Mahari yote ilikuwa mle, sehemu kwa Bleue, sehemu kwa Verte. Kuuza vipande vile siku ile ilikuwa kutupa; hapakuwa na mnunuzi wa maana.

"Lakini haiwezi kupotea," Gentil akasema. "Jumatatu mumoja atashinda."

"Soma sheria ya mvua," mama akasema. "Soma kwa sauti."

Akasoma. Bleue inangoja mpaka mchezo uishe, hata wiki. Verte haingoji. Jumamosi usiku wa manane, kama mchezo haujaisha, Verte inafunga hesabu, na kila kipande kinarudishwa kama nusu dola, uwe ulikinunua bei gani. Kipande cha mrefu yeye alikinunua ghali kuliko hapo. Alipofika mwisho, akaiweka simu chini. Alikuwa ameshaelewa: kesho asubuhi angebaki na mwenye kofia peke yake, na huyo hata vipofu walijua kuwa ni dhaifu.

"Nyamuzinda!" Donatien akamwita Mungu kwa Kishi, akaketi. Baadaye akasema polepole, "Tuwaambie réseau ya simu imekatika. Bukavu muzima itaamini."

"Hapana," Euphrasie akasema.

"Basi jirani wako, baba Xavier, atakopesha..."

"Hapana, shemeji. Nikimufunika leo, kesho atalinganisha nyumba." Maman Euphrasie alikuwa anajifunga kitenge cha pili, fundo likikaza. Aliogopa. Aliogopa kumpoteza mkwe ambaye alishamzoea kama binti, aliogopa midomo ya Nguba. Lakini aliogopa zaidi kile kidole. "Gentil, vaa viatu. Tunaenda kwa maman Adèle sasa."

"Leo? Maman, unaniua!"

"Haya haiui muntu. Vaa."

Nguba waliwakuta watu wa maman Adèle wanasafisha viti vya kesho. Maman Adèle aliwapokea kwa furaha, kisha akaona nyuso.

"Maman Adèle," Euphrasie akasema, amesimama, "ng'ombe yenu mutoto wangu aliipeleka kukula majani kwa simu, kwa masoko ya kubeti tenisi. Mvua ikaifungia huko. Sehemu yake hairudi. Hatukukuja kuomba mufiche. Tumekuja mujue kwanza, mbele ya batu bengine."

Maman Adèle akaweka kitambaa chini.

"Kumbe binti yangu anaolewa na raketi."

Merveille alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Hakumtazama mtu mwingine ila Gentil.

"Ulisoma sheria zao?"

"Nilisoma bei," Gentil akajibu.

Merveille akatikisa kichwa muda mrefu. "Sasa sikia. Mahari ya simu mimi siitaki tena. Utaniletea ng'ombe ya miguu. Utaikokota weye mwenyewe na kamba mupaka hapa. Hata ikiwa mudogo. Lakini maman yako asiongeze hata kwato. Ukishindwa, basi."

"Umesikia?" maman Adèle akauliza. Viti vikarudishwa ndani.

Jumatatu mrefu alishinda. Gentil alikuwa amemnunua, na hilo ndilo lililouma: mrefu wake alikuwa kwa Verte, ambayo ilishafunga na kurudisha nusu dola zake. Kwa Bleue alikuwa na mwenye kofia, na hapo hakukuwa na kitu. Mama mwenzangu, mtoto akikuambia kitu hakiwezi kupotea, muulize kinangoja wapi na nani ana ufunguo.

Maman Euphrasie hakuongeza hata kwato. Usiku aligeuka kitandani kama samaki kwenye kaango, na asubuhi hakuongeza. Gentil aliuza simu, akajumlisha na pesa zilizobaki, akapanda milima ya Kabare kwa mchungaji wa ng'ombe.

Alirudi kwa miguu, anavuta mtamba mwekundu aliyekataa kila kona. Mjini, wenye pikipiki walimpigia honi: "Papa, umupandishe nyuma, tutafanya bei ya wanafunzi!" Walipoingia Nguba mvua ikaanguka. Mama yake, aliyemngoja njiani, akatembea nyuma bila mwavuli.

Maman Adèle akatoka, akamzunguka mtamba, akamgusa mbavu.

"Iko mudogo."

"Iko mudogo," Euphrasie akakubali, maji yakimtiririka usoni. "Lakini unaiona."

Merveille akashuka ngazi, akaikamata kamba karibu na mkono wa Gentil, na mtamba akavuka mlango wa ua.